Nilivyokalia Kiti cha Baba Koki

Mimi nimeuza supu Soko la Burma miaka kumi na minne, na katika miaka yote hiyo sijawahi kuchukua pesa ya mtu halafu nikamficha alichonunua. Ukilipa supu, unawekewa supu. Ukilipa kichwa cha mbuzi, unaondoka na kichwa, na masikio, na ulimi, na ukinichekesha nakuongezea mchuzi. Kwa hivyo mtu asije hapa kuniambia eti mwaka huu nilikuwa mgumu. Nilikuwa nikitoa elfu moja na mia tano kila Alhamisi, na nikiuliza nimenunua nini, naambiwa ni siri. Siri! Ya pesa yangu!

Wacha nianze panapoanzia, nisije nikapasuka.

Naitwa Muthoki. Hapa sokoni na kule Jericho tunakoishi wananiita Mama Koki, kwa sababu ya binti yetu Koki aliye shule ya bweni. Baba yake ni Ndambuki, dereva wa lori, Mkamba mwenzangu wa kutoka Mbooni, mtu wa maneno machache tangu nimjue. Miaka kumi na mmoja ameendesha lori la Abdiqadir, mfanyabiashara wa jumla wa Eastleigh, akibeba mchele na mafuta ya kupikia kutoka Mombasa. Abdiqadir ana malori matatu, na funguo za lile jipya zaidi siku zote zilikaa mfukoni mwa Ndambuki.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana, saa nne asubuhi, karibu na Sultan Hamud, lori lilitoka barabarani, likaingia mtaroni na kulala ubavu. Ndambuki alitoka na mkwaruzo kwenye paji la uso. Sylvance, tanboi wake, yaani msaidizi wake wa safarini, mtu mzima waliyekaa naye kwenye kabini miaka tisa wakila sahani moja, alikatwa mkono wa kushoto juu ya kiwiko. Sasa yuko kwao Ugenya. Polisi waliandika kwamba barabara ilikuwa inateleza kwa mvua. Na mvua ilikuwepo, hawakudanganya.

Ila saa nne hiyo mimi nilikuwa nimempigia simu.

Simu ya nini? Ya gesi! Makaa yangu yalikuwa yamelowa, nikawasha mtungi, mtungi ukaisha supu haijachemka, na namba ya yule mtu wa gesi ilikuwa kwa Ndambuki. Nikapiga. Akapokea. Akasema, "Mama Koki, ngoja kidogo," na hapo hapo nikasikia mlio wa chuma, kisha mtandao ukapotea.

Hayo polisi hawakuyaandika. Ndambuki hakuyasema, nami sikuyasema. Alirudi nyumbani tukalala kitanda kimoja miezi minne, na hakuna siku hata moja aliyosema "ile simu yako." Heri angesema! Heri angenitukana! Mimi nilitaka kujua jambo moja tu hapa duniani: huyu mwanamume ananilaumu, au hanilaumu? Nikimtazama akinywa chai, nauliza moyoni. Nikimpigia shati pasi, nauliza. Kwa mdomo, ng'o.

Januari Abdiqadir alimkabidhi lori lingine. Ndambuki akapanda, akafunga mkanda, akatia ufunguo. Halafu akashuka shati limelowa jasho, akasema tumbo linamsumbua. Siku ya pili, tumbo. Siku ya tatu hata hakulitaja tumbo, alirudi tu kwa miguu kutoka Eastleigh mpaka Jericho akaingia kulala mchana.

Ndipo Abdiqadir alipokuja Burma mwenyewe. Alikaa kwenye benchi langu akaagiza supu, akainywa yote bila kusema kitu, akafuta mdomo.

"Mama Koki, mimi Ndambuki simfukuzi," alisema. "Lakini mwili umepona, moyo bado. Kuna binti anaitwa Kawsar, ni mshauri nasaha, alimsaidia shemeji yangu alipofiwa. Aende. Siku Kawsar ataniandikia barua kwamba yuko sawa, funguo ni zake. Ila lori haliwezi kulala, dada yangu. Mwezi wa tatu ukiisha, nitalazimika kutafuta dereva."

Nilipomweleza Ndambuki, alisema, "Mimi si mwendawazimu," akageukia ukutani. Mwelu naye, anayepika chapati kando yangu, alicheka mpaka akaunguza moja. "Mtu alipe pesa ili asikilizwe? Mlete hapa, mimi nitamsikiliza bure na chapati juu!"

Lakini mimi nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni barua. Ya pili ni kwamba huko ndani Ndambuki angefungua mdomo, na akiufungua atafika kwa simu, na akifika kwa simu nitajua. Nikampigia Kawsar siku hiyo hiyo.

"Ni elfu mbili na mia tano kwa kipindi, mama," alisema, sauti ya mtoto wa juzi.

"Kipindi ni muda gani?"

"Dakika hamsini."

"Saa ina dakika sitini. Hizo kumi unaenda nazo wapi?"

Akasema zile kumi anaandika na kujitayarisha kwa mtu anayefuata. Nikamwambia aweke bei ya mwisho, kama tunavyoambiana hapa sokoni. Nilidhani atakasirika. Akauliza ninafanya kazi gani, mume wangu analipwa sasa au halipwi, tuna mtoto shuleni au hatuna, kisha akasema ana bei ya watu ambao mapato yao yamepungua, elfu moja na mia tano, na nisione haya kuiomba. Nikauliza kuhusu kadi ya bima. Akasema yeye haipokei. Nikauliza vipindi vingapi mpaka apone.

"Hilo siwezi kukuahidi. Tuanze na sita, kisha tutazame."

Hata fundi viatu anakwambia njoo kesho jioni! Na bado alikuwa na lingine. Pesa inalipwa kabla. Na asipokuja bila kutoa taarifa siku moja kabla, kipindi kinahesabiwa kuwa kimetumika.

"Yaani asipokula, bado amekula?" nikauliza.

"Nafasi yake nitakuwa nimemwekea, mama. Sitampa mtu mwingine."

Nikalipa. Nilituma kwa simu nikiwa nimeuma meno. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Nilimsihi Ndambuki mpaka akakubali, na Alhamisi ya kwanza nilimpeleka mwenyewe. Ni jengo moja la Barabara ya Jogoo, ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani. Hakuna hata kibao mlangoni. Kawsar ni msichana mwembamba mwenye hijabu ya kijani na viatu vya raba, na alimsalimia Ndambuki kwa mikono miwili kama mkwe. Akampa karatasi za kusaini: kwamba amekubali kwa hiari yake, kwamba anaweza kuacha wakati wowote, kwamba atakayosema hayatoki, isipokuwa akitaka kujidhuru au kumdhuru mtu. Nikasoma zote kabla hajasaini. Kisha tukasimama tuingie.

"Mama, wewe utatusubiri hapa," Kawsar akasema.

Ala! Kwetu mgonjwa haendi peke yake. Ukipeleka mtu hospitali, wewe ndiye unayesema anaumwa wapi, tangu lini, na jana alikula nini. Ndambuki huyu nimemsemea kwa madaktari miaka kumi na saba, hata jino lake mimi ndiye niliyesema ni lipi. Leo niachwe kwenye benchi kama mwavuli? Nikakaa. Na ili nisisikie kitu, yule binti alitoa redio akaiweka chini kando ya mlango, ikawa inavuma tu sauti ya maji ya mvua, maji ya mvua, dakika hamsini. Nilitega sikio mpaka shingo ikaniuma.

Ndambuki alitoka uso ule ule alioingia nao.

"Mmeongea nini?" nikamuuliza kwenye ngazi.

"Tumeongea."

"Nini?"

"Mambo."

Alhamisi ya pili, vile vile. Redio, mvua, uso, mambo. Nikamwambia Ndambuki atangulie, nikarudi juu peke yangu.

"Binti yangu," nikamwambia Kawsar, "hebu nidokezee tu. Anaendeleaje?"

"Hilo muulize yeye, mama."

"Yeye hasemi. Ndiyo maana nakulipa wewe."

"Umelipa, na nashukuru. Lakini yanayosemwa humu ni yake."

"Kwa hivyo mimi nimenunua nini?"

"Umemnunulia yeye nafasi."

Nafasi! Hapa Burma nafasi ya mita mbili naijua bei yake, na nikiilipia ninaketi juu yake. Ulimini nilikuwa na neno moja tu: ametaja simu? Nilikaribia kulisema. Lilifika kwenye meno. Nikalimeza, nikashuka zile ngazi nikiongea peke yangu mpaka mwenye duka la miwani akatoka kunitazama.

Basi ikafika Alhamisi ya tatu. Kawsar alikuwa ameshasema kwamba barua hawezi kuiandika kwa vipindi viwili, na mwezi wa tatu ulikuwa umeshaanza. Asubuhi nikamtolea Ndambuki shati. Akalitazama.

"Leo siendi," akasema.

"Huendi wapi? Pesa imeshaingia!"

"Nimechoka, Mama Koki. Niache."

Nilipiga kelele, sitaficha. Jericho nyumba zimebanana, majirani walipata yote. Nilimwambia anakaa kama gunia, nilimwambia Koki atarudishwa kwa ajili ya karo, nilimwambia ninachemsha vichwa vya mbuzi tangu saa kumi na moja alfajiri ili yeye aende kukaa kwenye kochi na bado hataki. Yeye akachukua ubao wake wa drafti, akatoka nje kwenye kibaraza, akaanza kupanga vifuniko vya soda.

Hapo ndipo nilipofanya nililofanya, na Mwelu ananicheka nalo mpaka leo. Mitaa hii yetu, dereva wa basi akiumwa haachi gari lilale. Anampa mwenzake ashike usukani mizunguko miwili, huyo tunamwita skwadi. Mwelu akienda matanga, anaweka skwadi wa kukanda unga. Mtu akilipia nafasi kisha ashindwe kufika, anatuma mtu wake aikalie. Kuacha kitu kilicholipiwa kiende bure ni dhambi, na sijasikia kanisa lolote likisema vingine. Nikafunga leso, nikamwachia Mwelu sufuria, nikaenda.

Kawsar alifungua mlango, akatazama nyuma yangu.

"Baba Koki yuko wapi?"

"Hakuweza. Mimi ni skwadi wake."

Alinitazama, midomo ikamcheza, akajizuia.

"Mama, kiti hiki hakina skwadi."

"Kwani saa haijalipwa?"

"Imelipwa."

"Na kuna mtu mwingine amewekewa?"

"Hakuna."

"Basi sogea niingie."

Alifikiri kidogo, mkono bado kwenye kitasa. Akasema faili la mume wangu hatalifungua, neno lake hata moja hatalitaja. Na mimi nisitegemee kuwa mteja wake kila wiki, hawezi kuwabeba mke na mume, kila mmoja na siri zake, akiona ninahitaji atanipeleka kwa mwenzake. Lakini kama mimi mwenyewe nina langu la leo, saa hii anaweza kunipa.

"Mimi sina langu," nikasema. "Mimi ni mzima." Nikaketi.

Kumbe hata kochi hamna. Ni viti viwili vya kawaida, meza ndogo, pakiti ya tishu, saa ya ukutani iliyowekwa mahali ambapo yeye anaiona na wewe huioni, na dirisha linalotazama jengo la pili. Nilikaa nikingoja anishauri. Si ndiyo kazi yake, mshauri? Kwetu ukienda kwa mtu wa hekima unasema shida, anakohoa, anakwambia fanya hivi na hivi, unaacha sukari kilo mbili, unaenda zako. Huyu alinyamaza. Na anajua kunyamaza, huyo binti! Nikaanza kuongea ili kelele iwepo tu. Nikamweleza bei ya vichwa. Nikamweleza askari wa kanjo wanavyotusumbua. Nikamweleza Koki na hesabu zake. Yeye, "mm." Nikamweleza Ndambuki anavyokaa na vifuniko vya soda. "Mm."

"Mm nini?" nikamfokea. "Nimekupa elfu moja na mia tano unaniambia mm? Hata ng'ombe anasema mm! Niambie nifanye nini!"

"Ungependa nikuambie la kufanya kuhusu nini, mama?"

"Kuhusu simu!"

Woi. Lilitoka. Niliweka mkono mdomoni, lakini neno likitoka limetoka. Nikamwambia yote: makaa, mtungi, "Mama Koki, ngoja kidogo," mlio wa chuma, mkono wa Sylvance. Nililia kilio kibaya cha makamasi, tishu zake nikazimaliza. Na nikangoja aseme, "Si kosa lako, mama." Mtu yeyote angesema hivyo, hata Mwelu. Hakusema! Haki ya nani, nilimchukia.

Aliuliza tu, taratibu, "Nani mwingine anajua habari ya simu hiyo?"

"Baba Koki."

"Mmewahi kuizungumza?"

"Si ndiyo maana nimemleta hapa aizungumze!"

"Aizungumze na mimi."

"Ndiyo, na wewe."

Akanyamaza tena. Nami mara hii sikuwa na bei ya vichwa ya kujazia. Nilijiona wazi, na sikupenda nilichokiona. Nilikuwa nimemlipa binti wa watu awe skwadi wangu kwa mume wangu, amuulize badala yangu, asikie badala yangu, halafu aniletee jibu likiwa limepoa. Dakika hamsini zikaisha. Nikamwambia angalau aniongezee kumi, kama nyongeza ya mchuzi. Akatabasamu, akasema haiwezekani, kuna mtu kwenye ngazi.

Sikurudi sokoni. Nilirudi Jericho, nikamkuta Ndambuki bado kibarazani, anacheza drafti na nafsi yake.

"Ulikuwa wapi?" akauliza.

"Kwenye kiti chako."

Mkono ulisimama na kifuniko hewani. "Kwa Kawsar? Ulimwambia nini?"

"Siri. Lipa elfu moja na mia tano nitakwambia."

Nilisema kwa uchungu, lakini alicheka, kicheko kifupi cha puani. Kisha akatazama ubao, akasema bila kuinua kichwa, "Mimi sikumwambia kitu."

"Vipi hukumwambia kitu?"

"Neno hata moja. Vipindi vyote viwili. Alinisalimia, nikaitikia, basi. Nilihesabu madirisha ya lile jengo la pili. Yako arobaini na mawili. Moja limewekwa gazeti."

Mungu wangu! Elfu tatu! Elfu tatu za kuhesabu madirisha! Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena, nikatafuta kitu cha kurusha nikakosa ila kiatu. "Wewe mwanamume una nini? Kazi inaenda! Kwa nini hukuongea?"

"Kwa sababu ningeanza na mvua," akasema, "na nikitoka kwa mvua ningefika kwa simu. Na simu ni ya nani? Huyo binti anaandika, nimemwona. Baadaye anamwandikia Abdiqadir barua. Kesho Sylvance anasikia, keshokutwa soko lote la Burma linakuita mwanamke aliyemkata mtu mkono. Nikaona heri madirisha."

Nilikaa chini kwenye kibaraza, sakafuni, kiatu mkononi. Miezi minne nilidhani amenyamaza kwa hasira. Kumbe alikuwa amenifunika. Hasira ikaniishia miguuni, nikahisi haya.

"Mimi nimeshamwambia," nikasema. "Simu. Nimesema ni mimi niliyekupigia."

Alisogeza ubao kando.

"Kunipigia si kitu," akasema. "Wewe hunipigia kila siku. Kupokea nilipokea mimi, kwa mkono wangu huu, na Sylvance aliniambia niache. Hilo ni langu. Nitalibeba mpaka kwake Ugenya, nimwambie uso kwa uso." Akainua kichwa. "Lakini nikuulize, Mama Koki. Mbona ulikata?"

Sasa nawe unayenisikiliza, nilikuambia mtandao ulipotea. Hata Kawsar nilimwambia hivyo, na machozi yote yale. Haukupotea.

"Lori lilipolala, nilikuwa nimemwangukia Sylvance," akaendelea. "Simu iliangukia kule kwa breki, siifikii, lakini naona jina lako linawaka. Nikakuita. Nikasema Mama Koki, ita watu. Nikasema mara mbili. Halafu taa ikazima. Ninapotia ufunguo kwenye lori, si mtaro ninaouona. Ninaona ile taa ikizima."

Nilimsikia. Hiyo ndiyo kweli yangu. Nilisikia mlio, nikasikia mtu analia, nikasikia jina langu, na kidole changu chenyewe kikakata. Kisha nikaazima mtungi kwa Mwelu, nikachemsha supu, nikauzia watu, nikawarudishia chenji zao sawasawa, mpaka saa saba polisi waliponipigia. Saa tatu nzima. Nilijiambia ni mtandao, nikajiambia tena, mpaka ikawa kama kweli. Kumbe swali nililomlipia yule binti lilikuwa la uongo. Sikuogopa kwamba ananilaumu kwa kupiga. Niliogopa kwamba alisikia nikikata.

"Niliogopa," nikamwambia.

"Hata mimi niliogopa," akasema.

Hatukukumbatiana, sisi si watu wa hivyo. Alikusanya vifuniko vya soda akavitia kwenye mfuko wake wa plastiki, kimoja kimoja. Nikaingia ndani kuinjika chai, nikatia majani mara mbili. Alipokuja kuchukua kikombe alisema, "Alhamisi nitaenda."

"Na utaongea?"

"Kama utakaa pale nje."

Alhamisi ya nne tukaenda. Nisikudanganye, mambo hayajanyooka. Barua bado haijaandikwa, na Kawsar amesema hataiandika mpaka aamini anachokiandika. Abdiqadir ameshampa mtu mwingine lori, ingawa anasema ni skwadi tu wa kushikilia. Ugenya hatujafika. Na ile elfu moja na mia tano bado inaniuma kila nikiituma, ndiyo, inaniuma.

Ndambuki aliingia. Kawsar akatoa redio yake akaiweka chini, mvua ikaanza kuvuma. Nikakaa kwenye benchi. Baada ya muda mfupi simu yangu ikaita: Mwelu, anapiga kelele kwamba wateja wamejaa, supu inashikana chini, nikimbie. Nikamwambia aitoe motoni au iungue, atakavyo. Nikaizima simu nikaitia kwenye mkoba.

Kisha mlango ukafunguka kidogo. Ndambuki alichungulia, macho mekundu, leso ya Kawsar ya karatasi imemnata shavuni.

"Mama Koki, upo?"

"Nipo."

"Hujaenda?"

"Siendi popote, Baba Koki. Rudi uongee."

Akafunga mlango. Mimi nikakaa mpaka dakika hamsini zikaisha.